Kizuri Chajiuza? Merekani, Ushanga na Kanga katika Soko la Pwani

Wahenga wamesema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii husemwa aghalabu kuwasuta wenye kujinadi, lakini asili ya maneno yake ni sokoni, na sokoni ndiko inakostahili kupimwa. Je, ni kweli kwamba bidhaa njema haihitaji mnadi? Na kama ni kweli, nani mwenye kuamua kwamba hii ni njema na ile ni mbovu: mfumaji aliyeitengeneza, tajiri aliyeileta, au mnunuzi anayeipapasa kwa vidole kabla hajafungua kibindo chake?

Biashara ya nguo na shanga katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 inatoa jibu la swali hilo. Wasafiri wengi wa Ulaya waliwachora watu wa pwani na bara mfano wa watoto, waliotoa pembe za ndovu wakapokea vitambaa na vipande vya kioo visivyo na thamani. Mara nyingi, hata hivyo, wasafiri hao hao waliandika mambo yanayoikana picha hiyo. Waliandika jinsi mizigo yao ilivyokataliwa, jinsi rangi moja ilivyopendwa huku na kudharauliwa kule, na jinsi tajiri asiyeyajua macho ya wanunuzi wake alivyorudi na hasara. Mnunuzi wa zama hizo hakuwa mtoto. Alikuwa kadhi, na hukumu yake ilifika mpaka kwenye viwanda vya ng'ambo.

Bidhaa ya kwanza ya kutazamwa ni merekani. Katika miaka ya 1820 na 1830 merikebu za Marekani, hasa kutoka mji mdogo wa Salem katika jimbo la Massachusetts, zilizoea kutia nanga Unguja. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini huko Maskati mkataba wa biashara na Marekani, uliowapa wafanyabiashara wao ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa walizoziteremsha. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, alifungua ubalozi mdogo Unguja. Waingereza, pamoja na nguvu zao zote za bahari, hawakuwa na balozi wao hapo mpaka mwaka 1841. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Sultana, iliwasili New York ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman, pamoja na shehena ya pembe, karafuu, kahawa, tende na ngozi. Iliporudi, miongoni mwa mizigo yake zilikuwamo robota za nguo ya pamba.

Nguo hiyo haikuwa na urembo wowote. Haikutiwa rangi, haikupaushwa, haikuwa na taraza wala ua. Ilikuwa nguo nzito ya rangi ya pamba yenyewe, iliyofumwa kwa uzi mnene. Watu wakaiita merekani kwa jina la nchi ilikotoka. Nguo hiyo tupu ilizipita nguo zilizoizidi kwa uzuri, nazo zilikuwapo nyingi: kaniki ya Uhindi iliyotiwa nili, vitambi vya Maskati vyenye mistari na taraza za rangi, na futa za Benadiri zilizofumwa Mogadishu, Marka na Barawa. Nguo hizo hazikutoweka. Debwani na subaya ziliendelea kuvaliwa na wenye vyeo, nao wafumaji wa Benadiri waliendelea na kazi yao kwa miaka mingi. Lakini kwa wingi wa mauzo, hasa kuelekea bara, merekani ilitamalaki.

Sababu ya kwanza ilikuwa uimara. Viwanda vya Lancashire vya zama hizo vilizoea kuzipaka nguo zao wanga, na baadaye hata udongo mweupe, ili zionekane nzito mkononi. Nguo ya namna hiyo hupendeza dukani, lakini ikifuliwa mara mbili hulegea na kuwa kama chachi. Merekani ilifuliwa ikabaki. Watengenezaji wa Uingereza walipoona soko linawaponyoka, walijaribu kuiiga, lakini kwa miaka mingi nguo zao za kuiga hazikuweza kuing'oa ile ya asili. Macho hudanganyika siku moja. Mwili uvaao nguo kila siku haudanganyiki. Hapa wahenga wanaonekana kusema kweli: kizuri kilijiuza.

Lakini kuna sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Katika njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, nguo haikuwa vazi tu, bali pia sarafu. Mpagazi alilipwa posho yake kwa nguo, mtemi alipewa hongo kwa nguo, kuku na mtama vilinunuliwa kwa nguo. Kipimo chake kilikuwa mkono, kutoka kisigino cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka, na mikono minane ilikuwa doti. Kitu kinachotumika kama fedha lazima kijulikane na kila mtu, kifanane leo na jana, na kisimpe mpokeaji shaka kwamba jirani yake atakikataa. Upana ukipungua kidogo au uzi ukibadilika, mpokeaji huanza kuuliza maswali, na sarafu inayoulizwa maswali imekwisha kuwa bidhaa ya kawaida. Kwa hiyo merekani iliuzika kwa sababu ilikuwa imara, na iliuzika zaidi kwa sababu kila aliyeipokea alijua kwamba anayefuata ataipokea pia.

Sababu ya tatu haikuwa katika nguo hata kidogo. Ilikuwa bandarini. Forodha ya Unguja ilikodishwa kwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji, aliyeishika tangu miaka ya 1830 mpaka alipoondoka mwaka 1853. Waters alishirikiana naye kwa karibu, na kwa njia hiyo nguo za Salem zilipata mlango mpana, ilhali wageni wengine walibisha hodi wasisikiwe. Tena matajiri wa Kihindi ndio waliotoa nguo kwa mkopo kwa wenye misafara, nao wakalipwa kwa pembe baada ya miezi mingi, pengine baada ya miaka. Bila mkopo huo jora zuri kuliko yote lingelala ghalani. Methali haisemi lolote juu ya forodha wala mkopo, lakini mwenye duka yeyote wa Darajani au Mtendeni anaujua uzito wake.

Kuna jambo jingine linalopaswa kutajwa kuhusu nguo hiyo. Pamba yake nyingi ililimwa kusini mwa Marekani na kuchumwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Ilifumwa na wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini, ikavushwa bahari, ikabadilishwa kwa pembe, ngozi na sandarusi. Huku nako ikawa sehemu ya malipo katika biashara ambayo mara nyingine iliwahusu wanadamu wenyewe, na ikawa vazi la watumwa wa mashamba ya Unguja na Pemba. Nguo iliyoanza kwa mikono ya watumwa wa bara moja iliishia kwenye miili ya watumwa wa bara jingine. Hakuna aliyelitia jambo hilo katika daftari la hesabu, lakini baadaye lilikuja kudai nafasi yake sokoni.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani, na vikadumu hadi mwaka 1865. Pamba ikaadimika, bei ikapanda, na nguo za Uingereza na za Uhindi zikapata nafasi zilizokuwa zikiitafuta. Baada ya vita Wamarekani walirejea na kulikomboa soko kwa muda, lakini dunia ilikuwa imegeuka. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza safari za kawaida za Unguja. Na mjini Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha kufuma kwa mashine kilianzishwa mwaka 1854, viwanda vilikuwa vimeongezeka na vikajifunza kufuma nguo nzito kwa bei nafuu. Kufikia mwisho wa karne, nguo ya Bombay ilikuwa imeshika mahali pa nguo ya Salem.

Hata hivyo watu waliendelea kuiita merekani. Mfumaji alibadilika, bahari ilibadilika, jina likabaki. Ikawa mtu huuliza merekani, akapewa nguo iliyofumwa na Mhindi wa Bombay, naye akaridhika maadamu vidole vyake viliridhika. Si ajabu kwa watu wa pwani, wanaojua uzito wa jina katika utungo, kwamba jina nalo ni sehemu ya bidhaa.

Ikiwa merekani yafundisha kwamba uimara na kujulikana huuza, ushanga wafundisha somo lililo gumu zaidi. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwamba zilikuwapo aina zipatazo 400 za shanga, na baadhi yake zilikuwa na majina matatu au manne. Shanga nyekundu za samesame zilipendwa mno hata zikapewa lakabu za mzaha, mojawapo ikiwa na maana ya mvunja mji, kwa kuwa ilisemekana kwamba wanawake wangewafilisi waume zao kwa ajili yake. Nyingi ya shanga hizo zilitengenezwa Venice, katika viwanda ambavyo mafundi wake hawakuwahi kuiona Tabora hata kwa ndoto.

Henry Morton Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 kujiandaa kumtafuta Livingstone, alitambua kwamba fedha peke yake haitoshi. Ilimbidi kuwauliza wazoefu wa misafara. Akaambiwa kwamba Unyamwezi watachukua shanga nyekundu na kuzikataa nyingine, na kwamba shanga nyeusi zinakwenda Ugogo lakini kwingineko hazina maana. Shanga kubwa za umbo la yai zina thamani Ujiji, ilhali kwingine hakuna atakayezigusa. Nyeupe zinafaa Ufipa na baadhi ya sehemu za Usagara, lakini Ukonongo zitadharauliwa. Ilimlazimu kukisia ni siku ngapi atakaa katika kila nchi, kisha akanunua mifuko 22. Mtu angekosea hesabu hiyo, angejikuta katikati ya njia na mali nyingi begani mwa wapagazi, asiweze kununua nayo hata kibaba cha mtama.

Joseph Thomson aliyapata hayo kwa namna yake mwaka 1883, alipokuwa akielekea Umasaini. Huko Taveta aligundua kwamba si aina ya ushanga tu iliyotakiwa kuwa sahihi. Shanga zilipaswa kutungwa katika nyuzi za urefu maalumu, la sivyo zisingepokelewa. Watu wake walilazimika kuketi siku kadhaa wakitunga maelfu ya nyuzi kabla ya safari kuendelea. Kioo kilikuwa kile kile, rangi ile ile, uzito ule ule. Lakini ushanga uliofungwa isivyo haukuwa bidhaa.

Anayeyatazama mambo haya kwa jicho la mbali huona ukaidi na ushamba. Anayeyatazama kwa jicho la mshairi huona kitu kingine. Ushanga ulikuwa lugha, na hakuna anayenunua neno ambalo majirani zake hawalielewi. Rangi ambayo kwa jirani wa mashariki ilikuwa pambo, kwa jirani wa magharibi haikuwa na maana yoyote, kama vile neno la lahaja moja lisivyo na vina katika nyingine. Tena lugha hiyo ilibadilika. Habari ya mtindo mpya ilichukua miezi kufika pwani kutoka bara, na agizo likachukua miezi mingine kwenda Ulaya na kurudi. Bidhaa ilipowasili, pengine watu walikwisha kuhamia rangi nyingine. Ndipo mali ikadoda, wala si kwa sababu ilikuwa mbovu. Ilichelewa tu mazungumzo.

Kanga iliyaleta mafunzo haya yote mpaka ndani ya nyumba za pwani yenyewe. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa miji ya pwani walinunua leso za kuchapwa, zile za mraba ambazo jina lake limetokana na Kireno, lakini hawakuzitumia kama zilivyokusudiwa. Badala ya kukata moja moja, walinunua sita kwa pamoja, wakazikata tatu tatu na kuzishona ziwe nguo moja pana. Wenye maduka walipoliona hilo, waliagiza nguo iliyochapwa nzima bila mshono. Ikapatikana nguo yenye pindo, mji na rangi za kushindana, na husemwa kwamba iliitwa kanga kwa sababu madoadoa yake ya mwanzo yalifanana na ya ndege yule. Kwa maneno mengine, bidhaa iliyokuja kutajirisha wachapaji wa Uingereza, Uholanzi na Uswisi, na baadaye wa Uhindi na Japani, haikubuniwa na mchapaji yeyote. Ilibuniwa na sindano ya mnunuzi.

Kufikia miaka ya 1890 mitindo ya kanga mjini Unguja ilikuwa ikibadilika kwa kasi iliyowatoa jasho matajiri. Doti mpya iliyoshuka ikapendwa iliuzwa kwa bei ya juu. Ikishaonekana kwa kila mtu, bei iliporomoka, na iliyobaki ikapelekwa mashamba au bara. Mfanyabiashara aliyeagiza mtindo mmoja kwa wingi kwa kuwa ulipendwa mwaka jana aliweza kufilisika kwa mali isiyo na kasoro. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaongezeka maandishi. Sifa ya kuyaanzisha hupewa aghalabu Kaderdina Hajee Essak, mwenye duka la Mombasa lililoanza mwaka 1887, aliyejulikana kwa jina la Abdulla na ambaye alama ya Mali ya Abdulla ilienea pwani nzima. Kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Tangu hapo nguo ikawa na ulimi. Doti mbili zenye rangi moja na ua moja zaweza kuwekwa kando kwa kando, moja ikamalizika siku hiyo hiyo na nyingine ikakaa mpaka ikafubaa, kwa sababu ya neno tu. Mwanamke hununua kauli ya kumtumia jirani, mume au wifi bila kufungua kinywa, na kauli isiyo na wa kutumiwa haina mnunuzi.

Lakini kisa kizito kuliko vyote katika historia hii kinahusu wale ambao kwa muda mrefu hawakuwa na hiari ya kuchagua. Unguja ya karne ya 19 vazi lilimtambulisha mtu kabla hajasema. Watumwa walivaa merekani na kaniki, nguo chache na za bei ya chini, na kwa kawaida hawakujifunika vichwa wala kuvaa viatu. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo ilikuwa na masharti mengi na utekelezaji wake ulikwenda polepole, lakini sokoni athari yake ilionekana. Wanawake waliotoka utumwani walitumia walichokichuma kununua kanga. Waliitaka nguo ya rangi, ya doti kamili, yenye kipande cha kujitandia kichwani.

Merekani ya mwaka 1900 haikupungua uzi hata mmoja. Ilikuwa imara kama ilivyokuwa siku zote, na bei yake ilikuwa nafuu. Iliendelea kununuliwa kwa kazi nyingine, lakini mwanamke aliyeijua ilichokuwa ikimwambia hakutaka tena kuonekana nayo mbele za watu. Hakuna hesabu ya nyuzi wala ushuru wa forodha inayoweza kulieleza jambo hilo. Nguo ilikuwa imebeba kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo iliyoifanya iwe ngumu kuuzika. Tajiri aliyedhani kwamba maskini siku zote atanunua kilicho rahisi alikuwa hajamwelewa maskini. Kwa mtu aliyekuwa akivikwa kwa kuamriwa, kuchagua nguo kulikuwa sehemu ya uhuru wenyewe, na sehemu hiyo aliilipia kwa fedha yake.

Miongoni mwa watu wa tabaka hilo alizaliwa, yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, mtoto aliyepewa jina la Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti huyo alipokuwa alichukua vyungu kichwani, akavitembeza kwa miguu akivinadi kwa sauti, na inasimuliwa kwamba watu waliijua sauti hiyo kabla ya kumwona mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba, na akawa Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, mji ule ule wa merekani ya pili, kurekodi nyimbo katika santuri zilizouzwa kote Afrika Mashariki, zikiwa miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za Kiswahili. Bombay ilikuwa imezoea kuleta nguo pwani. Safari hii ilileta sauti ya pwani yenyewe, na wanunuzi waliijua tangu mkwaju wa kwanza wa ngoma.

Baadhi ya watu walimbeza kwa asili yake na kwa biashara ya utotoni mwake, wakiona aibu katika kutembeza. Methali ingeweza kutumika kuwaunga mkono. Lakini vyungu vya Fumba vilipikiwa katika majiko ya mjini kwa miaka mingi, na waliovinunua walirudi kuvinunua tena. Vilitembezwa, wala havikuwa vibaya.